Batisteri ya Parma: si kila mchoro wa ukutani ni fresko

Picha ya kuba la batisteri ya Parma, mji wa kaskazini mwa Italia, huwachanganya watu kwa mambo matatu kwa mpigo. Wapo wanaoliita jengo lile kanisa kuu, na kanisa kuu la Parma ni jengo jingine lililo kando yake. Wapo wanaosema limejengwa kwa marumaru ya waridi, na mtaalamu wa mawe hatakubali jina hilo. Kisha, karibu kila maelezo mafupi yanayoambatana na picha hiyo husema "fresko", ilhali sehemu kubwa ya michoro ile haikuchorwa kwa njia ya fresko. Kosa hilo la tatu ndilo kubwa, kwa kuwa limefunika habari muhimu kuliko zote za kuba hilo: kwa nini rangi zake zilifika mahali pa kuning'inia kama magamba ya mti mkavu, zikingoja kudondoka.

Tuanze na maneno. Batisteri ni nyumba ya ubatizo: jengo linalojitegemea, lililojengwa kuzunguka kisima cha ubatizo, kwa kawaida hatua chache kutoka kanisa kuu la askofu. Fresko ni jina la Kiitaliano lenye maana ya "mbichi", na kinachokuwa kibichi ni lipu ya chokaa. Mchoraji wa fresko hupaka rangi iliyochanganywa na maji matupu juu ya lipu ambayo bado ina unyevu. Akichora juu ya lipu iliyokwisha kukauka, Waitaliano huita kazi hiyo "a secco", yaani kwenye kavu. Yote mawili ni michoro ya ukutani, kama vile wali na ugali vyote ni chakula, lakini havipikwi kwa njia moja wala havikai muda mmoja.

Neno la tatu la kushika ni chokaa. Karibu kila kitu katika jengo hili, kuanzia jiwe la ukuta hadi ngozi ya rangi, kinaanza au kinakwama kwenye chokaa.

Kwa nini nyumba nzima kwa ajili ya maji?

Mkristo wa leo amezoea kuona kisima cha ubatizo kama bakuli la jiwe karibu na mlango au altare. Katika karne za kwanza za Kanisa mambo yalikuwa tofauti. Wengi waliobatizwa walikuwa watu wazima, walizamishwa au kumwagiwa maji mengi, na walibatizwa kwa makundi katika mkesha wa Pasaka, na pia Pentekoste. Askofu ndiye aliyeongoza. Kabla ya kubatizwa, wakatekumeni, yaani waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, hawakuruhusiwa kushiriki sehemu ya Misa ya waamini, kwa hiyo palihitajika mahali nje ya kanisa ambapo wangeingia wakiwa wageni na kutoka wakiwa wenyeji. Watu wengi, maji mengi, usiku mmoja: hapo ndipo jengo lilipotokea.

Kufikia karne ya 12 wanaobatizwa Italia walikuwa karibu wote ni watoto wachanga, na bakuli dogo lingetosha. Lakini miji ya Italia wakati huo ilikuwa inajitawala, na mtoto aliyebatizwa katika kisima cha mji alihesabiwa kuwa mtu wa mji huo. Huko Firenze, mwandishi wa habari za mji Giovanni Villani anaeleza kwamba padri wa batisteri alikuwa akiweka haragwe jeusi kwa kila mtoto wa kiume na jeupe kwa kila wa kike, na kwa hesabu hiyo walijua kwamba wanabatizwa kati ya watoto 5,500 na 6,000 kwa mwaka. Nyumba ya ubatizo ilikuwa daftari la uraia. Ndiyo maana Pisa ilianza kujenga yake mwaka 1152, na Parma ikafuata mwaka 1196.

Mwaka huo wa Parma hatukuupata kwa kukisia. Umechongwa juu ya mlango wa kaskazini kwa Kilatini, na umeandikwa kama kitendawili cha hesabu: ukiondoa miaka miwili mara mbili katika elfu moja na mia mbili, ndipo mchongaji aitwaye Benedetto alipoianza kazi hii. 1200 toa 4. Huyo Benedetto ni Benedetto Antelami, ambaye tayari alikuwa ametia jina lake kwenye mchongo wa Yesu akishushwa msalabani, wa mwaka 1178, uliomo katika kanisa kuu la jirani. Ni vyema kusema wazi hapa kwamba Antelami alikuwa mchongaji na mjenzi. Michoro ya kuba, ambayo mara nyingi anapewa yeye, ilifanywa baadaye katika karne ya 13 na mafundi ambao hawakuacha majina.

Jiwe la Verona

Sasa kuhusu hiyo "marumaru". Marumaru ya kweli ni jiwe la chokaa lililopikwa na joto na mgandamizo ndani ya ardhi hadi chembe zake zikajipanga upya na kung'aa kama sukari. Jiwe jekundu la Verona halikupikwa hivyo. Ni jiwe la chokaa lililotokana na matope ya chini ya bahari ya kale, na ushahidi umo ndani yake: visukuku vya amonaiti, viumbe wa baharini wenye gamba la kuzunguka kama konokono. Waashi hulipa jina la marumaru kwa kuwa linakubali kusuguliwa likalainika na kung'aa. Kibiashara jina hilo si uongo. Ila ukitaka kujua jiwe litakavyozeeka, lazima ujue kwamba ni chokaa yenye mishipa ya udongo, na kwenye mishipa hiyo ndipo maji hupenya na vipande vikaachia.

Rangi yake ni ya waridi inayobadilika na jua, na Parma haikuwa nayo. Ililetwa kutoka Verona, na hapo siasa zikaingia. Salimbene, mtawa Mfransisko aliyezaliwa Parma mwaka 1221, aliandika kwamba baba yake alikuwa miongoni mwa walioweka mawe katika msingi wa batisteri, na kwamba baadaye kazi ilisimama kwa sababu Ezzelino da Romano, mtawala wa Verona, alizuia mawe yasitoke. Jengo liliwekwa wakfu mwaka 1270, na taji la juu kabisa kwa nje, lenye matao yaliyozibwa pamoja na minara midogo, lilikuja mwanzoni mwa karne ya 14. Zaidi ya miaka mia moja kwa nyumba moja. Ukitazama toka chini kwenda juu unaona kabisa mtindo wa Kiromaneski, wenye matao ya duara na uzito, ukigeuka taratibu kuwa Kigothiki, wenye matao yaliyochongoka na hamu ya kupanda.

Nane nje, kumi na sita ndani

Kwa nje batisteri ya Parma ina pande nane. Watu huuliza kama ni sheria. Si sheria, lakini ni desturi ya zamani sana. Batisteri ya Laterano huko Roma ina pande nane, na ile ambayo askofu Ambrosi aliijua Milano katika karne ya 4 ilikuwa hivyo pia, ikiwa na beti zinazosifu jengo la pembe nane na kisima cha pembe nane. Sababu waliyoitoa ni hesabu ya siku. Mungu aliumba kwa siku sita na kupumzika ya saba, na Yesu alifufuka siku iliyofuata Sabato, kwa hiyo Jumapili ni siku ya kwanza na pia ni "siku ya nane", mwanzo wa uumbaji mpya. Anayebatizwa anaingia katika siku hiyo. Hata hivyo batisteri ya Pisa ni duara, na ya Padova ni mraba wenye kuba juu. Pia pembe nane si mali ya Wakristo peke yao: birika la kuogea katika jumba la Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, lina pembe nane, na halina uhusiano wowote na ubatizo. Umbo hilo linapendwa na waashi kwa sababu ni njia nyepesi ya kuukaribia mduara kwa kutumia mawe yaliyonyooka.

Ukiingia ndani ya batisteri ya Parma, pande hazipo nane tena. Zimekuwa kumi na sita. Hili huwashangaza wengi, na baadhi hudhani ni mapambo tu. Fikiria mwamvuli. Mwamvuli wenye nyaya nne una vitambaa vipana vinavyobonyea katikati. Ukiongeza nyaya ziwe nane, vitambaa vinakuwa vyembamba na umbo linakaribia duara. Kuba la Parma ni mwamvuli wa mawe wenye mbavu kumi na sita. Kila ubavu unaanzia kileleni, unashuka, na kuegemea nguzo nyembamba iliyo ukutani, na nguzo hiyo inaupeleka uzito hadi sakafuni. Kati ya mbavu kuna vipande vyembamba vya kuba ambavyo havibebi mzigo mkubwa. Kwa mchoraji, mbavu hizo pia ni mistari kumi na sita iliyokwisha kuchorwa: amepewa daftari lenye safu tayari.

Tatizo la kuba lolote liko miguuni. Mtu akisimama ametanua miguu kwenye sakafu yenye utelezi, uzito wake haumpeleki chini tu. Unaisukuma miguu nje. Kuba hufanya vivyo hivyo kwenye ukuta uliolibeba. Parma walijibu kwa mambo mawili. Kwanza, ukuta ni mnene, lakini unene wake umetobolewa: ndani kuna vijikumba vya matao chini, kisha juu yake ngazi mbili za veranda zenye nguzo, na nje kuna ngazi nne za veranda nyingine. Ukuta kama huo unapata upana wa kuzuia msukumo bila kubeba uzito wa jiwe tupu. Pili, kuta za nje zinaendelea kupanda juu kupita mahali kuba linapoanzia. Uzito huo wa ziada unakandamiza ukuta kwenda chini, kama mtu anayekukalia mabegani ili usisukumwe. Matokeo yake ni kwamba ukiwa uwanjani huoni kuba hata kidogo. Unaona mnara mnene wenye kichwa bapa, na asiyeambiwa hataamini kilichomo ndani.

Katikati ya sakafu kuna kisima kikubwa chenye pande nane, na ndani yake kuna nafasi yenye umbo la ua la petali nne, alimosimama padri pasipo kulowa huku maji yakimzunguka.

Kabla ya kuingia, lakini, mlango wa kusini unastahili kusimama. Juu yake Antelami amechonga kijana aliyepanda mtini akila asali ya mzinga. Chini ya mti joka linatema moto, na wanyama wawili wanautafuna mti penye shina. Pembeni kuna jua na mwezi. Msomaji wa Kalila na Dimna, kitabu cha kale cha hadithi za wanyama, ataitambua mara moja: ni jamaa ya kisa cha mtu aliyening'inia kisimani, panya mweusi na panya mweupe wakitafuna matawi aliyoyashika, joka likimsubiri chini, naye ameonja tone la asali akasahau yote. Usiku na mchana hula umri. Parma waliipata kupitia kisa cha Barlaam na Yosafati, ambacho asili yake ni maisha ya Buddha yaliyosafiri kupitia Uajemi, Kiarabu, Kigeorgia na Kigiriki hadi Kilatini. Kwa hiyo mfano ule ule ulipanda jahazi za maneno kuelekea pande mbili, na msomaji wa pwani yetu na mwananchi wa Parma wa mwaka 1200 wangeweza kuuzungumzia pamoja.

Kulisoma kuba

Michoro ya kuba imepangwa kwa mikanda inayozunguka, mmoja chini ya mwingine. Kileleni kabisa ni nyekundu tupu. Hiyo ni mbingu ya juu kuliko zote, ambayo watu wa wakati huo waliiwaza kuwa ya moto wa upendo wa Mungu, na ndiyo maana haina sura ya mtu. Chini yake ni anga la nyota, pamoja na mitume na wainjili. Unafuata mkanda wa Kristo katika utukufu, Bikira Maria upande mmoja na Yohane Mbatizaji upande mwingine, pamoja na manabii na wafalme wa Agano la Kale. Mkanda unaofuata unasimulia maisha ya Yohane: malaika anamtokea Zakaria, mtoto anazaliwa, anakwenda jangwani, anambatiza Yesu, anamkemea Herode, anakatwa kichwa. Chini zaidi, tunapokaribia matao, tunakuta habari za Abrahamu na mambo ya dunia.

Mpangilio huu unasomwa kutoka chini, kwa macho ya aliye kwenye maji. Abrahamu alianza safari kwa imani, Yohane akaiandaa njia, Kristo yuko juu yao, na baada ya nyota kuna wekundu usio na sura. Sura zenyewe zimesimama wima na kutazama mbele, mikunjo ya nguo ni mistari iliyokazwa, kwa sababu mafundi walifuata desturi ya Bizanti, dola ya Kikristo ya mashariki. Anayezihukumu kwa kipimo cha Michelangelo, aliyekuja zaidi ya miaka 200 baadaye, anazikosea haki. Hazikulenga kuonyesha misuli. Zililenga kutambulika kutoka chini, na katika mwanga hafifu.

Fresko inavyotengenezwa, hatua kwa hatua

Jiwe la chokaa huchomwa tanurini kwa joto la nyuzi 900 hivi. Gesi ya kabonidaioksaidi inatoka, na kinachobaki ni chokaa hai. Watu wa pwani waliowahi kuona tanu la kuchomea mawe ya matumbawe wanaijua hatua hii kwa pua na kwa macho. Ukiimwagia maji, chokaa hai inachemka yenyewe na kuwa uji mweupe: imezimwa. Uji huo huachwa shimoni kwa miezi kadhaa, au miaka, ili punje zote zimalize kuzimika. Fundi mwenye haraka asiyesubiri hulipwa baadaye: punje iliyobaki hai ndani ya lipu hunyonya unyevu, huvimba, na kufyatua kitobo kidogo usoni mwa mtakatifu.

Lipu ya kwanza ni ya kukwaruza. Cennino Cennini, mchoraji aliyeandika kanuni za kazi hii karibu na mwaka 1400, anataja mchanga sehemu mbili kwa chokaa sehemu moja. Inapakwa kwa unene wa sentimita moja hivi na kuachwa na mikwaruzo ili lipu ijayo ipate pa kushika. Juu yake mchoraji huchora umbo la jumla kwa udongo mwekundu uitwao sinopia, jina la mji wa Sinope ulioko pwani ya Bahari Nyeusi. Kisha inakuja lipu ya mwisho, laini, milimita tatu hadi tano tu. Hii haipakwi ukuta mzima. Inapakwa kiasi kile tu ambacho mkono utamaliza kabla ya kukauka, na Waitaliano huita kipande hicho giornata, yaani kazi ya siku moja. Kinachobaki bila kuchorwa jioni hukatwa kwa mwiko na kutupwa. Kazi huanzia juu kushuka chini, kwa kuwa matone ya chokaa hayapandi.

Katika karne ya 13 utaratibu huo wa siku kwa siku ulikuwa bado haujakomaa. Mafundi wengi walipaka lipu eneo lote lililofikiwa kutoka ngazi moja ya jukwaa, wakaweka rangi za msingi haraka ikiwa mbichi, kisha wakamalizia sura na mapambo juu ya kavu.

Rangi yenyewe ni unga wa udongo au wa jiwe uliosagwa na maji. Hamna yai, hamna gundi. Gundi ni ukuta. Chokaa iliyozimwa inavuta kabonidaioksaidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe la chokaa kama ilivyokuwa kabla ya tanuri, na chembe za rangi hunaswa ndani ya ngozi hiyo ya mawe membamba. Hapa pana imani moja ya kuondoa: wengi hudhani rangi ya fresko imezama ndani kabisa ya lipu, kwa hiyo unaweza kuisugua kama kikaango. Imenaswa juujuu tu, katika tabaka jembamba kuliko ukucha. Ukilisugua umeliondoa, na chini yake ni weupe.

Si kila rangi inaikubali chokaa mbichi. Udongo mwekundu na wa manjano, udongo wa kijani na mkaa huvumilia. Bluu ya azuriti inasumbua, kwa hiyo iliwekwa baadaye kwa gundi juu ya kavu. Nyeupe ya risasi huweza kugeuka kahawia au nyeusi ukutani, na kwa hiyo nyuso zilizopaswa kung'aa hubaki giza, kama filamu ya picha kabla ya kusafishwa. Nyeupe iliyo salama ni chokaa yenyewe. Cennini anaiita nyeupe ya Mtakatifu Yohane: chukua chokaa iliyozimwa, iliyo nyeupe sana, iwe unga, iloweke kwenye maji kwa siku nane ukibadilisha maji kila siku ili ukali wote utoke, kisha ifinyange iwe vitumbua vidogo na uvianike juani juu ya paa. Kadiri vinavyokaa ndivyo vinavyozidi weupe.

Kilichoipata Parma

Sehemu kubwa ya kuba la Parma ilichorwa juu ya lipu kavu. Faida za njia hiyo zinaeleweka: mchoraji hakimbizwi na saa, anaweza kurekebisha kosa, na anatumia rangi zote azitakazo. Gharama inakuja polepole. Rangi ya kavu inashikwa na kiungo kama yai, maziwa au gundi ya ngozi za wanyama. Kiungo hicho huvimba hewa ikiwa na unyevu na kusinyaa ikikauka. Ukuta wa mawe haufanyi hivyo kwa kiwango kilekile. Tabaka mbili zilizoshikana, moja ikicheza na nyingine imetulia, mwishowe huachana. Ya juu inapasuka vipande, kingo zinakunjamana, na kila kipande kinabaki kimeshikwa katikati tu.

Ongeza chumvi. Anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja anajua ukuta "unaotoka chumvi": rangi ya mafuta inavimba sentimita chache juu ya sakafu, ukiigusa inamwaga unga. Maji yanapopita ukutani yanabeba chumvi. Yakikauka, chumvi inakuwa fuwele, na fuwele ikikua chini ya rangi inaisukuma nje. Katika kuba adui huyo anakuja kutoka juu, kwenye paa linalovuja. Moshi wa mishumaa haudondoshi rangi, lakini unaweka masizi ambayo huwashawishi watu kusafisha, na kusafisha rangi iliyoachia ndiyo njia ya uhakika ya kuipoteza.

Ndivyo mafundi walivyoikuta Parma katika karne iliyopita: vipande vya rangi vikining'inia. Walivirudisha kwa mabomba ya sindano na vijiko bapa, kipande baada ya kipande. Kazi ya namna hiyo ina mpangilio usiobadilishwa. Kwanza unasimamisha maji. Ukianza na rangi huku paa linavuja unajidanganya. Pili unagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kama anayechagua tikiti sokoni, na kuweka alama kila panapotoa sauti ya utupu. Sauti ya utupu maana yake lipu yenyewe imeachana na jiwe, na tiba yake ni uji mwembamba wa chokaa unaosukumwa kwa sindano kupitia ufa uliopo. Gamba la rangi ni ugonjwa mwingine. Linalainishwa kwa unyevu kidogo, linapewa tone la gundi dhaifu nyuma yake, linafunikwa kwa karatasi laini ya Kijapani, kisha linakandamizwa taratibu hadi lilale. Kusafisha ni mwisho.

Makosa yanajirudia dunia nzima. Gundi kali kuliko rangi husinyaa na kung'oa hata kilichokuwa kimeshika vizuri. Maji mengi huamsha chumvi iliyokuwa imelala. Baya kuliko yote ni kuziba nyufa za lipu ya chokaa kwa saruji: saruji ni ngumu mno, haipumui kama chokaa, na huleta chumvi zake yenyewe, kwa hiyo kiraka kinabaki imara huku ukuta unaokizunguka ukiporomoka. Nyumba nyingi za mawe za pwani yetu zimeumizwa kwa kiraka cha aina hiyo.

Ukiwa mbele ya mchoro wowote wa zamani na unataka kujua kama ni fresko, usiulize kwanza maandishi ya pembeni. Nenda ukutani, elekeza mwanga kutoka ubavuni, usiuguse. Fresko ya kazi ya siku itakuonyesha mishono, mistari hafifu inayozunguka kichwa au mwili, pale lipu ya leo ilipopanda kidogo juu ya ile ya jana. Kisha tazama palipoharibika. Fresko huchakaa kwa kufifia, au huondoka pamoja na lipu yake ikiacha shimo. Rangi ya kavu huondoka peke yake, ikiacha kipande chenye kingo kali na chini yake lipu safi isiyo na doa. Pale Parma utahitaji darubini, kwa sababu kuba liko juu, na magamba yaliyolazwa upya na sindano hayaonekani kwa macho matupu.